Koti la Inchi Arobaini na Nne

4 Februari

Dada yangu,

Shikamoo. Nimefika salama, na begi limefika salama kuliko mimi. Tangu nishuke kwenye ndege watu wanne wameniuliza nimelinunua wapi. Nikiwaambia limeshonwa na dada yangu kwa turubai la lori na mikanda ya viti vya gari, wanadhani natania. Mifuko yako kumi na mmoja yote nimeipatia kazi, isipokuwa ule mdogo wa ndani kabisa, karibu na mgongo. Huo sijui uliukusudia nini.

Nimepata kitanda kwenye nyumba ya wasafiri, ghorofa ya tatu. Chumba kina vitanda vinane, chini na juu. Changu ni cha chini, dirishani. Juu yangu analala mpiga picha mmoja anayekoroma kama cherehani isiyotiwa mafuta, lakini mchana ni mtu mwema. Msimamizi wa nyumba ni mama wa makamo, amejifunga funguo zote kiunoni, na akipanda ngazi tunamsikia toka chini na kila mtu anatandika kitanda chake.

Jana nimetembea mpaka miguu ikagoma. Stesheni kuu ina saa kubwa ambayo watu hupeana miadi chini yake, nami nikasimama pale dakika ishirini kana kwamba kuna mtu namsubiri. Kwenye jumba la makumbusho kuna mifupa ya nyangumi imening'inizwa darini. Haionekani yote ukisimama, kwa hiyo nililala chali sakafuni. Mlinzi alinitazama, akageuka upande mwingine. Kwenye treni za chini ya ardhi nimepotea mara tatu, na mara zote tatu nimetokea mahali pazuri.

Wiki tatu hazitoshi, ila nimeahidi. Tarehe 25 nipo nyumbani. Mwambie Mama kwamba aliponibatiza kiguu na njia nikiwa na miaka minne hakukosea hata kidogo.

Wako,
Kiguu


16 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua yako imesomwa mara tatu. Mimi nimeisoma nimesimama, kisha nimemsomea Mama kwa sauti, kisha akaninyang'anya akaisoma mwenyewe kwa miwani yake na ya kwangu juu yake. Sasa iko chini ya mto wake. Nilimwambia twende posta tukupigie simu, akakataa. Anasema simu ukishaikata huna cha kuweka chini ya mto.

Anauliza kama hiyo sakafu uliyolala ilikuwa safi. Anauliza pia huyo nyangumi ana urefu wa mita ngapi, maana umekaa kwenye duka letu la ushonaji miaka yote hiyo na bado unamwelezea kitu bila vipimo.

Kazi ipo. Nina sare sitini za shule na mapazia ya ukumbi. Mama siku hizi anashona vifungo tu, anasingizia macho.

Mfuko mdogo ni wa barua za nyumbani. Nilidhani hilo utalijua bila kuambiwa.

Kuna mteja alihama akaacha kitambaa kizito cha kaki, mwaka wa pili sasa. Nitakushonea suruali ya safari zako. Ukija tarehe 25 nakupima.

Dada yako


27 Februari

Dada,

Shikamoo, na usikunje uso kabla hujamaliza kusoma. Najua tarehe 25 imepita na mimi sipo. Nimesogeza tiketi. Jiji hili halimaliziki, ukimaliza mtaa mmoja unakuta umezaa mingine miwili. Ningerudi sasa ningekuwa nimekula ukoko nikaacha wali.

Nimepanda mnara wa kengele, ngazi mia nne na kumi na mbili. Juu kule upepo unakuvua kofia, na unauona mto wote na madaraja yake tisa. Nimepiga kasia kwenye ziwa la bustani kuu. Nimekwenda soko la vitabu vya zamani.

Nje ya dirisha langu kuna karakana ya baiskeli. Fundi wake anafika saa mbili kasorobo. Anafungua kufuli, anavua koti, analitundika kwenye usukani wa baiskeli ile ile nyekundu ambayo hakuna anayekuja kuichukua, kisha anapiga mluzi mmoja na paka anatoka chini ya meza. Saa nne anakunywa chai amesimama. Saa sita mtu wa duka la mbele anamletea gazeti la jana, nadhani la leo analimaliza kwanza mwenyewe. Akikosea kazi hutazama juu, na tukikutana macho hucheka kwa aibu. Jumatano hakuja, na nilikaa siku nzima nikijiuliza amepatwa na nini. Alhamisi akaja amefunga kidole, nikashukuru ni kidole tu.

Sasa jambo lenyewe. Mgeni mmoja ameacha blanketi la sufu, zito, rangi ya majivu, na msimamizi ana cherehani stoo. Ni ya mkono, si ya miguu, bahati yangu. Nataka kumshonea Mama koti la zile asubuhi zake za kutetemeka. Nitumie vipimo vyake vyote.

Kiguu wenu


12 Machi

Mdogo wangu,

Nilikunja uso, nikamaliza kusoma, na bado nimeukunja. Mama yeye kacheka. Amesema, "Mwache mtoto atembee." Amesema hivyo mara mbili, ya pili akinitazama mimi.

Vipimo vya Mama: kifua 44, kiuno 40, nyonga 47, bega hadi bega 16, mkono 22, urefu wa koti 38.

Kitambaa cha kaki kiko mezani. Kama hurudi, jipime mwenyewe unitumie. Miguu yote miwili, kila mmoja peke yake, unaijua sheria ya Mama.

Mama anaomba uandike barua ndefu. Ile ya fundi baiskeli ameipenda kuliko ya mnara.

Dada yako


28 Machi

Dada,

Shikamoo. Koti limeondoka leo kwa posta. Nimelitia kola pana, mifuko miwili ya kuingiza mikono na mmoja wa ndani wa miwani, ili asiitafute tena huku ameivaa. Vifungo ni vya mbao, vikubwa, vidole vyake visihangaike.

Vipimo vyangu hivi: kiuno 29, nyonga 38, paja la kulia 22 na robo, la kushoto 22, urefu 40.

Nimepanda treni mpaka kituo cha mwisho kabisa, pale reli inapokatika kwenye majani, nikarudi. Nimeingia ukumbi wa michezo ya kuigiza kwa tiketi ya kusimama. Nimeona bustani ya waridi, ingawa hayajachanua. Nimefanya mengi, Dada, hata sijui nianzie wapi.

Jana mchana msimamizi alikuwa anapiga pasi mashuka kwenye ujia. Ile harufu ya pamba ikinyunyiziwa maji ikanifikia kitandani, nikafumba macho nikawa dukani. Nilisikia mpaka Mama anavyokata uzi kwa meno. Nimewakumbuka vibaya mno. Mwambie Mama hivyo, halafu mwambie ninafurahi.

Kiguu


11 Aprili

Kiguu,

Leo sina utani.

Nimefungua daftari la vipimo. Tarehe 30 Januari, siku mbili kabla hujasafiri, nilikupima mwenyewe na kukupa nakala kwenye kadi. Kiuno 29, nyonga 38, paja la kulia 22 na robo, la kushoto 22, urefu 40. Umeninakilia kadi mpaka na robo yake.

Mtu amepanda ngazi mia nne na kumi na mbili, amepiga kasia, ametembea miezi miwili na begi la kilo kumi na tano mgongoni, na paja lake halikuongezeka wala kupungua hata uzi. Mdogo wangu, hata sanamu yetu ya dukani huvimba kidogo mvua ikinyesha. Hukujipima. Na wewe uliyelelewa chini ya meza ya kukatia hukosi kujipima kwa uvivu. Kuna kitu hutaki nikione.

Nimerudia barua zako zote. Mnara umeuandika mistari miwili. Fundi baiskeli umemwandika toka anafika mpaka anakunywa chai. Cherehani ni ya mkono, bahati yako. Harufu ya pasi ilikufikia kitandani, mchana.

Kama ni mimba, sema, tutalea. Kama ni ugonjwa, sema. Kama umefungwa, sema umefungiwa wapi. Lakini usiniandikie mnara tena.

Dada yako


24 Aprili

Dada yangu,

Shikamoo. Si mimba.

Tarehe 20 Februari, siku tano kabla ya tarehe yangu ya kurudi, nilikuwa nashuka ngazi za hapa na begi mgongoni. Nilikuwa nimelijaza ili nijaribu kama zawadi zenu zote zitaingia. Nikateleza ngazi ya pili, nikafika chini kabla ya kelele zangu. Begi lako liliniokoa mgongo, daktari mwenyewe alilishika akauliza nani kalishona. Mguu wa kushoto ulivunjika mahali pawili. Walinifunga plasta toka kwenye kidole mpaka kwenye paja, wakasema nisahau ndege.

Nilifikiria nitakavyokuandikia. Nikakuona unasoma kwa sauti, Mama ameshika sindano. Nikakumbuka presha yake, na maneno yako siku ya kuondoka, kwamba ndoo ya maji tu inanishinda ngazi tatu, itakuwa begi. Nikaona aibu. Nikasema nitawaambia mguu ukipona.

Huo mnara ni wa mpiga picha. Ziwa ni la wasichana wawili wa vitanda vya kule mlangoni. Kituo cha mwisho cha treni nilipewa na mzee mmoja anayezunguka dunia tangu astaafu. Nawatengenezea zipu, nawatilia viraka mabegi, na malipo yangu ni waniambie walikokwenda, mtaa kwa mtaa. Msimamizi namshonea mashuka yake, kitanda nalala bure. Fundi baiskeli peke yake ndiye wangu, na nyangumi, na saa ya stesheni.

Plasta imetoka wiki iliyopita. Nimeweka humu nyuzi mbili. Wa bluu ni paja la kulia, mweupe ni la kushoto. Zipime, sitaki kuandika namba.

Sasa zamu yako, Dada. Niliposoma kwamba nimenakili kadi, nilicheka. Halafu nikaacha kucheka, nikaitafuta barua yako ya Machi kwenye mfuko wa ndani. Kifua 44, kiuno 40, nyonga 47. Namba hizo niliziandika mimi kwenye daftari, kwa mkono wangu, tulipomshonea Mama gauni la harusi ya binamu. Miaka miwili iliyopita. Nimekata koti kwa namba hizo na sikushtuka, kwa sababu ndivyo ninavyomkumbuka alivyo.

Kwa nini hukumpima? Futi kamba unaivaa shingoni kutwa. Kama ni kitu hutaki nikione, nakurudishia maneno yako mwenyewe. Sema.

Kiguu


6 Mei

Mdogo wangu,

Nimezipima. Ishirini na mbili, na kumi na nane na nusu. Nilikaa na ule uzi mweupe mkononi mpaka mteja akaniuliza kama duka limefungwa.

Mama anaumwa. Ni ini. Tulijua tarehe 9 Februari, una wiki moja tu huko. Nilikuwa nimeshaandika barua ya kukuita, akaichukua mkononi mwangu akaitia kwenye moto wa pasi ya mkaa. Akasema, "Mimi nimekaa kwenye kiti hiki miaka thelathini na sita. Mmoja wetu na aone." Tangu hapo kila mwezi nasema nitakuandikia, na kila mwezi inakuja barua yako ya mnara, anakaa kitandani, anakula vizuri siku hiyo. Ningekuambia, zisingekuja. Huo ndio ukweli wangu na siutetei.

Sikumpima kwa sababu niliogopa kuiandika namba.

Koti lilifika mwezi uliopita. Tulimvalisha, akapotelea ndani. Mabega yalishuka mpaka karibu na viwiko. Nilimwambia Kiguu amekosea kidogo, nikalichukua nikalikunja pembeni, nikalipiga bandi tu kwa uzi mrefu mweupe, nione litakavyokaa kabla sijashona kabisa. Asubuhi nikakuta ameifumua yote kwa meno, nyuzi kaziweka mkononi mwangu kama mtoto anayerudisha chenji. Akasema, "Asilipunguze mtu. Nitalijaa akija."

Leo nimempima. Kifua 35. Nimeandika kwa penseli.

Habari ya mguu wako nimemwambia, sikuwa na la kuficha tena. Akauliza kama huyo mpiga picha aliyekukopesha mnara ana mke. Basi nikajua amekusamehe.

Daktari hakutaja siku. Alisema tusichelewe.

Nimeweka kamba ndani ya bahasha, ile tunayopimia mapazia. Kitanda cha Mama nimekihamishia chumba cha nyuma ya duka, anataka kusikia cherehani. Nimeipima kamba toka gari litakaposimama mbele ya duka mpaka kitandani kwake. Fundo la kwanza ni kizingiti. La pili ni kona ya meza ya kukatia. La tatu ni ukingo wa kitanda. Kwenye gari nitakubeba, uwanja wa ndege watakubeba, lakini Mama amesema anataka kukuona unaingia kwa miguu yako. Ukiweza kutembea kamba hii, njoo.

Dada yako


9 Juni

Dada, na Mama pia kama anasomewa,

Shikamooni.

Kamba ilifika tarehe 17 Mei. Msimamizi aliifunga ncha moja kwenye kitasa cha chumba cha mashuka, tukainyoosha kwenye ujia mpaka mwisho. Mama, kitanda chako kimeangukia mlango wa choo cha wanaume. Samahani, ujia hauna chaguo jingine.

Siku ya kwanza nilifika kizingitini kwa magongo mawili nikalia. Kwa wiki nzima sikuvuka meza ya kukatia. Mpiga picha alikuwa ananifuata nyuma na kiti, kila nikipepesuka ananikalisha. (Mwambie Mama ana mke, na watoto watatu.) Wale wasichana wawili walikuwa wanasimama kwenye fundo la tatu, mmoja akijifanya Mama, amejifunika shuka. Nilimfundisha aseme, "Umechelewa, Kiguu." Analisema vibaya lakini nimelizoea. Wageni wapya wakifika na mabegi yao wanaivuka kamba kwa kuinua miguu, hakuna aliyewahi kuikanyaga.

Ijumaa msimamizi alinipeleka kwa gari mpaka chini ya mnara wa kengele. Alisema ni dhambi niondoke sijauona. Nilikaa kwenye benchi nikautazama. Ni mrefu kweli, kama alivyosema mpiga picha. Nilitaka kurudi ndani nikafanye mazoezi.

Leo asubuhi nimeimaliza kamba bila gongo. Nachechemea, Mama, usicheke. Nilipogusa kile kitasa cha choo nilikishika muda mrefu.

Uliwahi kuniuliza nyangumi ana urefu gani. Nilimwomba yule mzee mstaafu arudi akapime kwa hatua. Ishirini na tano. Kamba yenu ni kumi na tisa, na imenichukua wiki tatu na siku mbili, kitu kirefu kuliko vyote nilivyotembea katika jiji hili.

Ndege ni Jumanne. Huenda nikaitangulia barua hii. Nawataka ninyi, Dada, sitaki kuona kitu kingine. Mama asilivue koti.

Kiguu


Kutoka daftari la vipimo, ukurasa wa 88

18 Juni

Mteja: Mama
Kifua 33
Kiuno 30
Bega hadi bega 14 na nusu
Mkono 22, vile vile
Amepimwa amekaa.
Kapima: Kiguu. Futi kashika Dada.

Maelekezo ya mteja: koti lisipunguzwe.